Pikapu Inayosita Mlimani: Uchambuzi wa Kisa cha Injini ya Dizeli Yenye Tabo

Kisa hiki kinahusu pikapu ya milango minne yenye injini ya dizeli ya silinda nne, ujazo wa lita 2.5, inayosukumiwa hewa na tabochaja, feni inayozungushwa na moshi wa injini, ambayo mafundi wengi huiita tabo kwa kifupi. Chapa yake haina uzito katika maelezo haya, kwa kuwa mpangilio wake ni ule ule unaokutwa kwenye pikapu nyingi za Kijapani zilizotengenezwa baina ya mwaka 2005 na 2015: pampu inayopeleka dizeli kwenye reli moja, yaani bomba linalogawia nozeli zote, yenye presha kubwa, nozeli zinazofunguliwa kwa umeme, tabo yenye vibawa vinavyogeuzwa kwa nguvu ya ombwe, yaani mvuto wa mahali palipoondolewa hewa, na kompyuta inayoamua mambo yote hayo kwa kusikiliza sensa zake. Mwenye gari ni mama anayenunua viazi mviringo Kilolo na kuvileta Iringa mjini. Aliinunua Dar es Salaam ikiwa imekwisha kutumika, odomita ikisoma kilomita 214,000, na kwa miezi minne ya kwanza hakuona kasoro yoyote.

Alipoileta kwangu alieleza tatizo kwa sentensi moja ambayo sijasikia bora zaidi ya hiyo: “Mwanangu, nikikanyaga mafuta gari linawaza kwanza.” Nilimwomba anieleze linawaza lini, kwa sababu neno “kusita” peke yake halimwelekezi fundi popote. Gari linaloshindwa kuondoka asubuhi likiwa baridi, gari linalokata nguvu kwenye kasi kubwa barabara ikiwa tambarare, na gari linalosita likiwa na mzigo mlimani ni magari matatu yenye maradhi tofauti, ingawa wenye magari hayo wote watasema gari linasita. Majibu yake yalikuwa mazuri. Gari halikuwa na shida likiwa tupu. Likiwa na magunia, kwenye gia ya tatu au ya nne, alipokanyaga mafuta hadi mwisho injini ilikaa sekunde mbili au tatu bila kuitika, moshi mweusi ukaonekana kwenye kioo cha nyuma, kisha kadiri mizunguko ilivyopanda gari lilishtuka na kuanza kuvuta kama kawaida. Taa ya injini haikuwa imewaka hata mara moja. Nilipomuuliza ni kazi gani ilifanyika kwenye gari kabla ya tatizo kuanza, alifikiri kidogo akasema klachi ilibadilishwa, halafu tukaendelea na mengine. Jibu hilo nililiandika kwenye daftari, lakini sikulipa nafasi lililostahili, na hilo lilinigharimu karibu siku nzima.

Kabla ya kufika kwangu gari lilikuwa limepita kwa mafundi wawili. Wa kwanza alisema dizeli imechakachuliwa, akamwaga tangi na kubadilisha filta. Wazo hilo halikuwa la kipuuzi, maana uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa umewahi kuwa janga kubwa nchini, hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanzisha uwekaji wa vinasaba, yaani alama za kutambua mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010. Ila dizeli mbovu haichagui kusumbua mlimani tu na kunyamaza kwenye tambarare. Fundi wa pili alibadilisha vali inayodhibiti mafuta kwenye pampu, na gari lilipoendelea kusita akashauri inunuliwe pampu nzima, na ikibidi tabo pia. Mama alikuwa ameshatumia zaidi ya shilingi laki tisa, na pampu aliyokuwa akishauriwa kununua ingezidi kiasi hicho mara kadhaa. Sisemi haya ili kuwadharau wenzangu. Vali ile kweli husababisha kusita kwenye injini za aina hii na fundi yeyote aliyezifanyia kazi kwa muda anaijua. Kosa lilikuwa kuibadilisha kabla ya kuipima.

Injini ya dizeli inaposita chini ya mzigo, ama mafuta yamechelewa kufika kwa kiasi kilichoagizwa, ama hewa imechelewa. Zipo sababu nyingine chache, kama breki inayoshika au klachi inayoteleza, lakini hizo hujitofautisha haraka: klachi ikiteleza mizunguko hupanda huku mwendo ukibaki pale pale, na hapa mizunguko yenyewe ndiyo iliyokuwa imekwama. Kompyuta ya gari hili ina jambo moja linalomsaidia sana fundi, nalo ni kwamba kwa mafuta na kwa hewa inatunza tarakimu mbili mbili: kiasi ilichoagiza na kiasi kilichopatikana. Mashine ya kupimia, hata ile ya bei ya kawaida, inaweza kuonyesha tarakimu hizo nne kwa pamoja gari likiwa linatembea. Anayezisoma gari likiwa limesimama gereji, injini ikiunguruma bila mzigo, ataona kila kitu kiko sawa, na kwa gari hili ndivyo ilivyokuwa.

Nilianza na mafuta, kwa sababu ndiko fedha za mama zilikokwisha kwenda na nilitaka kulifunga jambo hilo. Niliweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani baina ya filta na pampu, nikatazama kama kuna viputo vya hewa vinavyopita. Havikuwepo. Nikachomoa mipira ya marejeo ya nozeli na kuielekeza kwenye chupa nne ndogo za maji ya kunywa, moja kwa kila silinda, nikaiacha injini iungurume dakika mbili. Kila nozeli hurudisha dizeli kidogo, na iliyochakaa hurudisha nyingi kuliko wenzake hadi presha ya reli ishindwe kujengeka. Chupa tatu zililingana, na ile ya silinda ya tatu ilizidi kwa upana wa kidole kimoja, tofauti ambayo haiwezi kuiangusha injini.

Kisha nikasoma sensa ufunguo ukiwa umewashwa lakini injini ikiwa haijanguruma. Hatua hii huchukua nusu dakika na wengi huiruka. Injini ikiwa imelala, hakuna kinachosukuma hewa, kwa hiyo sensa ya presha kwenye manifodi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, inapaswa kusoma presha ile ile ya hewa iliyotuzunguka. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huku ni takriban kilopaskali 84, wakati Dar es Salaam ni takriban 101. Sensa ilisoma 84. Ingesoma 101 ningejua kwamba inadanganya, japokuwa fundi aliyezoea vitabu vilivyoandikwa kwa nchi za tambarare angeiona 101 kuwa ndiyo sahihi na 84 kuwa ndiyo kosa.

Barabara ya majaribio kwetu haina haja ya kutafutwa. Kutoka Ipogolo, kando ya Mto Ruaha Mdogo, barabara inapanda moja kwa moja hadi mjini, na ndiyo njia ambayo mama hupita na viazi vyake. Tulipakia magunia manane, kijana wangu akashika usukani, mimi nikashika mashine. Tulipanda kwenye gia ya tatu, mizunguko ikiwa 2,000 kwa dakika, naye akakanyaga mafuta hadi mwisho. Gari liliwaza, kama mama alivyosema. Nilichokisoma katika sekunde hizo mbili ni hiki: kompyuta iliagiza presha ya megapaskali 120 kwenye reli ya mafuta na ikapata baina ya 118 na 121, yaani mafuta hayakuchelewa hata kidogo. Kwa upande wa hewa iliagiza kilopaskali 210 kwenye manifodi na ikapata 150.

Hapo pampu iliondoka kwenye orodha ya watuhumiwa, na vali mpya iliyofungwa na fundi wa pili ilikuwa imebadilishwa bure. Lakini kujua kwamba hewa imepungua si kujua imepungua wapi. Filta ya hewa iliyoziba, tabo iliyochoka, vibawa vilivyokwama kwa masizi, na bomba linalovuja vyote vinaweza kutoa ile 150. Badala ya kufungua kimoja baada ya kingine, nilitumia hesabu ambayo naiamini sana, na nitaieleza kwa ukamilifu kwa sababu haihitaji kifaa chochote zaidi ya mashine ambayo fundi anayo tayari mkononi.

Gari hili lina sensa inayopima wingi wa hewa inayoingia, na imekaa mwanzoni kabisa mwa njia, baada ya filta na kabla ya tabo. Sensa ya presha imekaa mwishoni mwa njia, kwenye manifodi. Injini ya lita 2.5 inayozunguka mara 2,000 kwa dakika hujaza silinda zake zote mara 1,000 kwa dakika, kwa kuwa kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Hiyo ni lita 2,500 kwa dakika, au karibu lita 42 kwa sekunde. Hewa yenye presha ya kilopaskali 150 na joto la nyuzi 50 ina uzito wa karibu gramu 1.6 kwa lita. Ukizidisha unapata gramu 67 kwa sekunde, na kwa kuwa silinda hazijai kikamilifu, ukichukua asilimia 87 unabaki na takriban gramu 59. Hicho ndicho kiasi ambacho injini ilikuwa inameza kweli. Sensa ya mwanzoni mwa njia, katika sekunde ile ile, ilisoma gramu 76. Vali ya kurudisha moshi ilikuwa imefungwa wakati huo, nilihakikisha, kwa hiyo haikuwa inavuruga hesabu.

Gramu 17 kila sekunde zilikuwa zimepita kwenye sensa na hazikufika kwenye silinda. Filta iliyoziba isingeleta tofauti hiyo, maana ingepunguza tarakimu zote mbili kwa pamoja. Tabo mbovu isingeileta pia, kwa sababu hiyo hiyo. Hewa ilipimwa, ikasukumwa na tabo, kisha ikatoroka njiani kabla ya kufika kwenye injini. Hesabu hii pia inaeleza moshi mweusi, ambao ndio uliomfanya fundi wa pili aufikirie mfumo wa mafuta: kompyuta hukadiria dizeli ya kuchomwa kwa kuangalia hewa iliyopimwa, hivyo ilikuwa inamwaga dizeli inayotosha gramu 76 mahali palipokuwa na gramu 59, na ziada ile haikupata hewa ya kuunguzia. Inaeleza hata kule kushtuka kwa gari baadaye. Mizunguko ilipofika kama 2,600, tabo ilikuwa inasukuma hewa nyingi kiasi kwamba hata baada ya kuvuja kilichobaki kilitosha.

Nilirudi gereji nikiwa na uhakika wa nitakachokikuta, na sikukikuta. Nilikagua mabomba na mipira yote kuanzia tabo hadi intakula, yaani kipoza hewa ya tabo, na kutoka intakula hadi manifodi, nikaminya kila mpira kwa vidole, nikakaza klipu. Mpira mmoja wa chini, unaotoka tabo kuelekea intakula, ulikuwa na jasho la oili iliyoshika vumbi, lakini oili kidogo kwenye mpira huo ni jambo la kawaida kwa gari lenye umri, kwani mvuke wa oili kutoka injini hupitia humo. Niliufuta, nikautazama kwa tochi, ukaonekana mzima. Ndipo nikakumbuka daftari. Klachi ilikuwa imebadilishwa, na kwenye gari hili anayeshusha gia boksi kwa haraka huiachia injini iiname kwa nyuma; ikiinama namna hiyo bila kufunguliwa mabomba yake, mpira ule wa chini ndio unaovutwa kuliko yote.

Niliziba njia ya hewa upande wa tabo kwa kifuniko cha bomba la maji nilichokifunga vali ya tairi, nikajaza hewa kwa kompresa taratibu. Jambo hili lina hatari zake na inafaa niziseme. Presha isizidi ile ambayo tabo yenyewe huitoa, yaani isivuke kilopaskali 100 juu ya presha ya kawaida, na mimi huanza na nusu yake. Uso wa mtu usiwe mbele ya kifuniko, kwa sababu kikichomoka hutoka kama jiwe la manati. Na kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe, kwa maana hewa hupenya kwenye silinda ambazo vali zake ziko wazi na kushuka hadi chini ya injini, ambako inaweza kusukuma sili za oili zitoke mahali pake. Nikapaka maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Viputo vichache vilionekana kwenye klipu moja, visivyoweza kueleza gramu 17. Nikamwomba kijana ashike injini kwa mtaimbo na kuiinua kidogo upande mmoja, kama inavyojipinda yenyewe kwenye mounti zake, yaani vishikizo vyake vya mpira, inapobeba mzigo.

Mpira ule wa chini ulifunguka kama mdomo wa samaki. Ufa ulikuwa na urefu wa sentimita 4, chini kabisa ya kona, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo, na ulikuwa umeanzia kwenye ukingo wa klipu iliyorudishwa karibu mno na mwisho wa mpira, hivyo ikawa inaukata kidogo kidogo kila injini inapojipinda. Povu lilipeperuka hadi kwenye boneti. Kijana alipoiachia injini, ufa ulijifumba, na hata nikijua ulipo nilipata shida kuuona. Gari lililosimama lisingeonyesha ufa huo kamwe.

Kuhusu mpira wa kubadilisha nina maoni makali kidogo. Nimeona magari yakifungwa mpira wa rejeta mahali hapa kwa sababu unalingana kipenyo. Mpira wa rejeta umetengenezwa kwa ajili ya maji ya moto na presha ndogo. Ukiwekewa hewa ya tabo huvimba, na oili huulainisha hadi upasuke, pengine gari likiwa katikati ya mlima na lori nyuma yake. Hata mpira wa silikoni wa rangi za kupendeza unaouzwa madukani haufai upande huu kama hauna utando wa ndani wa kuzuia oili, kwa kuwa silikoni tupu hunyonya oili na kulegea. Tuliagiza mpira unaostahili, ukaja kwa basi kutoka Dar es Salaam siku ya pili, tukaufunga kwa klipu za boliti zinazobana sawasawa pande zote badala ya zile za skurubu zenye meno.

Tuliporudi Ipogolo na magunia yale yale, kwa 2,000 gari lilipata kilopaskali 208 kati ya 210 zilizoagizwa, na sensa ya mwanzoni ilisoma gramu 82 dhidi ya 80 za hesabu yangu. Moshi ulikwisha. Mama alikuwa amekaa kiti cha nyuma, akasema, “Sasa linasikia.” Mimi bado sikuridhika. Kijana alipokuwa akiondoka kutoka mwendo mdogo, mizunguko ikiwa baina ya 1,400 na 1,700, nilihisi kusita kwa pili, kwa muda mfupi kama wa kupepesa jicho mara mbili. Awali kulikuwa kumefichwa na tatizo kubwa. Ningeweza kulikabidhi gari na hakuna ambaye angelalamika kwa miezi kadhaa.

Kwenye mizunguko midogo moshi unaotoka injini ni mchache, na tabo ya aina hii huwezeshwa na vibawa vyake, ambavyo hujifunga kuubana moshi ili upite kwa kasi. Vibawa hivyo huvutwa na fimbo, na fimbo huvutwa na ombwe linalotoka kwenye pampu ndogo iliyo nyuma ya altaneta. Nilifunga geji kwenye pampu, ikasoma kilopaskali 77. Hapa pia mwinuko unadanganya: vitabu vingi hutaka 90 au zaidi, lakini ombwe haliwezi kuzidi presha ya hewa iliyopo, na mahali ambapo presha yote ni 84, pampu inayotoa 77 ni nzima. Nimeona pampu zikitupwa kwa kosa hilo. Nilipohamishia geji kwenye mwisho wa mpira mwembamba unaoingia kwenye kifaa cha tabo, wakati kompyuta inaagiza vibawa vifungwe kabisa, ilisoma 45. Mpira huo, mnene kama penseli, ulikuwa umesuguliwa na kishikizo cha betri hadi ukatoboka tundu dogo kama la sindano ya gunia. Breki hazikuwa zimeathirika, ingawa zinatumia ombwe lile lile, kwa sababu zina vali yao inayolifungia ombwe lisirudi. Tulibadilisha mita moja na nusu ya mpira kwa bei isiyofika shilingi elfu kumi, tukauelekeza mbali na kishikizo, na fimbo ya tabo ikaanza kuvutwa hadi mwisho mara tu injini inapowashwa.

Tabo yenyewe niliikagua kwa kuwa jina lake lilikuwa limetajwa. Ekseli yake ilicheza kidogo kwa pembeni, kama inavyotakiwa, kwa sababu inaelea kwenye utando wa oili. Kwa mbele na nyuma haikucheza kabisa, na mapanga yake hayakuwa na alama ya kugusa nyumba yake. Ni tabo yenye miaka mingi mbele yake.

Mama aliniuliza swali ambalo nadhani wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika wangependa kulijua: kwa nini dereva aliyewahi kumwendeshea gari alimwambia kwamba kusita ni kawaida ya gari la pwani likiletwa milimani? Kwa injini isiyo na tabo dereva yule angekuwa amesema kweli, maana hewa nyepesi huipunguzia nguvu moja kwa moja. Injini yenye tabo imetengenezewa njia ya kulipa upungufu huo, lakini huulipa kwa jasho. Ili kufikia kilopaskali 210, tabo iliyoko Dar es Salaam inazidisha presha ya hewa mara 2.1 hivi, iliyoko Iringa inazidisha mara 2.5. Tabo huku inafanya kazi karibu zaidi na ukomo wake, na ufa ambao pwani ungeweza kufichwa na ziada iliyopo, huku unajitokeza kwenye kilima cha kwanza. Kwa hiyo mwinuko ulizidisha dalili. Vilivyoziumba ni ufa na tundu. Ukweli huo una faida kwa anayenunua: pikapu ya tabo iliyokaguliwa kwenye barabara tambarare ya mjini, ikiwa tupu, haijakaguliwa, na mtu anayekwenda kuishi nayo milimani afanye bidii ya kuipandisha mahali pa mwinuko, ikiwa na watu wanne ndani, kabla ya kuhesabu fedha.

Jambo moja zaidi lilinisumbua, nalo ni ukimya wa taa ya injini. Nilipochimba kwenye kumbukumbu ya kompyuta nilikuta namba P0299, ya presha ndogo ya tabo, ikiwa imeandikwa kama tukio linalosubiri kuthibitishwa. Kompyuta hutaka upungufu udumu kwa muda fulani ndipo iwashe taa, na kila mara mizunguko ilipanda na presha ikarudi kabla muda huo haujatimia. Mafundi waliotangulia walitazama orodha ya makosa yaliyothibitishwa, wakaikuta tupu, wakahitimisha kwamba kompyuta haina la kusema.

Wiki tatu baadaye gari lilirudi kwa kubadilisha oili. Lilikuwa limepanda kutoka Ipogolo na viazi karibu kila siku, na tarakimu za hewa zilikuwa pale pale tulipoziacha. Nilifunga tena zile chupa nne: nozeli ya silinda ya tatu bado inazidi wenzake kwa upana wa kidole, haijaongezeka. Nimeiandika kwenye kadi ya gari, na tutaipima tena kwenye huduma ijayo.